Mdhamini wa Mparachichi

Wenzangu mnaobaki kazini mmeniomba niwaandikie niliyoyaona katika miaka yangu ya kutibu miti ya nyumbani huku Kisii na Nyamira. Nimekubali kwa sharti moja: sitaandika habari za vyeo wala za uhamisho, kwa kuwa habari hizo hazijawahi kuuponya mti wowote. Nitaandika habari za mizizi, mashina na wenye boma. Mtaona mapema kwamba mizizi na mashina havikunisumbua sana.

Siku yangu ya kwanza nilitumwa kwenye boma moja upande wa Nyamira ambako mti ulikuwa unalia. Sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Ilikuwa kiangazi, mbingu hazina wingu, na kutoka kwenye matawi ya mti uliosimama kando ya zizi maji yalikuwa yakidondoka tone baada ya tone. Ua ulikuwa umejaa watu wenye ndoo na chupa. Waadventista walisimama upande mmoja wa shina wakisema hiyo ni ishara ya siku za mwisho. Wakatoliki walisimama upande wa pili wakisema hiyo ni neema, na kwamba si adabu kuiacha neema imwagike. Mwenye boma, ambaye hakupenda kugombana na mtu, alikuwa ameweka karai katikati.

Nilipanda ngazi nikakuta povu jeupe kwenye vitawi vichanga, na ndani ya povu wadudu wadogo wafyonzao utomvu mchana kutwa na kuutoa kwa upande wa pili karibu ukiwa maji matupu. Nikashuka na kutangaza, kwa sauti ya mtu aliyetoka chuoni juzi, kwamba kilichokuwa kikidondoka ni mkojo wa wadudu.

Mzee mmoja, aliyekuwa amekwisha kuyanywa maji yale, aliniuliza kwa upole, "Wadudu wa aina gani?"

Bwana Ogeto, aliyepewa kazi ya kunifundisha kazi, alikuwa akinisubiri barabarani juu ya pikipiki ya ofisi. Nilipomsimulia alitikisa kichwa. "Umesema kweli," akaniambia, "lakini umeisema kabla hujanawa mikono wala kupewa kiti. Siku nyingine shuka, nawa, kaa, kunywa chai ya watu. Ukweli utakuwa bado uko mtini."

Ogeto alikuwa mtu mrefu asiye na haraka, na kifaa alichokithamini kuliko vyote ni nyundo ya mbao. Alilizunguka shina akiligonga huku ametega sikio. Palipo pazima hujibu kwa sauti kavu. Palipooza hujibu kama mlango wa chumba kisicho na vyombo. Baada ya nyundo alikuja na kioo cha kukuzia, kisu kifupi na sepeto, na kwa vifaa hivyo vinne alimaliza karibu kila kesi. Kanuni yake ilikuwa kuanza chini. Ugonjwa huonekana kwenye majani kwa sababu huko ndiko macho ya watu yaliko, lakini mara nyingi chanzo chake kimejificha pale shina linapokutana na ardhi. Kanuni yake ya pili ilikuwa hii: karibu kila mti unaougua nyumbani umeumizwa na mtu anayeupenda.

Nilikuja kuithibitisha kanuni hiyo mara nyingi. Kule Masimba mwenye duka mmoja alikuwa na mpera uliokuwa ukikauka, naye aliamini jirani yake ameutupia jicho baya. Nilipolipapasa shina nilikuta waya wa kuanikia nguo, uliofungwa mti ukiwa mchanga, umezama ndani ya gome hata usionekane. Nilimwonyesha. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza jirani aliuingizaje. Wengine humwaga majivu ya moto shinani wakiamini ni mbolea. Wengine hukwangua ukungu wa kijivu kwenye gome, ambao haujamdhuru mtu, na kuuacha ule mdomo wa jeraha ambamo funza wamekwisha hamia. Mchwa hushtakiwa kila mahali kwa mauaji ambayo kwa kawaida walihudhuria mazishi yake tu. Na siku hizi kuna wanaotuma picha ya jani moja kwa simu na kuuliza mti una nini, jambo ambalo ni sawa na kumtumia tabibu picha ya ukucha.

Lakini kesi iliyonifunza zaidi ni ya mparachichi wa Omong'ina Kemunto (omong'ina kwetu ni mama mtu mzima), mjane aliyeishi peke yake kwenye mteremko nje kidogo ya Nyamache. Nitaieleza kwa utaratibu, kwa sababu bila utaratibu haiaminiki.

Alinipigia simu mwanawe, Bwana Momanyi, muuza bima wa mjini Kisii mwenye nyumba yake Nyanchwa. "Daktari," alisema, maana huku kwetu kila ashikaye kisu na kioo ni daktari, "nataka uje uniambie rasmi kwamba mti wa mama umekufa."

"Umekufa?"

"Bado. Lakini mkataba umekwisha."

Nilipofika nilielezwa mkataba wenyewe. Katika baadhi ya maboma yetu, mti wa matunda ukigoma kuzaa hutishwa. Mtu mmoja huujia na panga, huukata kidogo gomeni na kusema kwa sauti kwamba leo ndiyo siku yake. Mtu wa pili hutokea mbio, hushika mkono wenye panga na kuuombea mti: mwache, mimi namdhamini, mwaka ujao atazaa. Ni mchezo wa zamani, na wachezaji wenye busara huenda zao kunywa chai. Mwaka uliotangulia, panga alishika Momanyi na mdhamini akawa mama yake. Ila Momanyi, kwa mazoea ya kazi yake, alimwuliza mdhamini anaweka nini mtu wake asipotimiza. Omong'ina alikuwa na hasira siku hiyo. Alijibu, "Usipozaa, ukate, na mimi nitakufuata huko kwako Nyanchwa."

Mwaka ulikwisha. Mparachichi haukuzaa hata tunda la kuonyesha nia njema. Majani yalikuwa madogo na ya manjano, vilele vimekauka, na shina lilikuwa limeinama juu ya nyumba, sawasawa na chumba alicholala Omong'ina. Momanyi alikuwa amekwisha tengeneza kitanda cha mama yake mjini, katika ghorofa ya juu, penye dirisha linalotazama ukuta wa ghorofa nyingine. Alikuwa mtoto mwema aliyeogopa mti usimwue mama yake. Mama yake naye aliogopa lile dirisha.

"Daktari," Omong'ina aliniambia nilipokwisha kunawa na kupewa kiti, "huyu ananipenda sana, lakini huja hapa Desemba na kwenye mazishi. Sasa anataka nikakae kwake nimngoje atoke kazini. Hapa nina kuku, nina majani chai, nina kaburi la mzee wangu. Huko nitakuwa na nini? Rimoti?"

"Mama, huo mti utakuangukia," alisema Momanyi.

"Ungemwangukia baba yako kwanza. Ndiye aliyekuwa anakoroma upande ule."

Nilianza chini. Shina la mti mzima hutanuka linapokaribia ardhi, kama mguu unapokuwa wayo. Shina hili liliingia ardhini wima kama mlingoti wa bendera. Mti usio na wayo umefukiwa, na aliyefukiwa hapumui. Nilitazama upande wa juu wa ua, nikaona ukingo uliokatwa wima kwenye kilima, na juu ya ukingo mistari ya majani chai ikipanda mbali kupita kilele cha mparachichi. Hapo nilielewa. Hili ni kosa letu sisi watu wa vilima. Msiba au sherehe ikikaribia, hatuna mahali tambarare pa kusimika tenti. Basi tunakikata kilima, tunautandaza udongo uani, na miti iliyokuwa imesimama hapo tunaivisha udongo hadi magotini. Wageni hukaa vizuri siku moja. Mti huanza kufa taratibu, na kufikia wakati majani yanapogeuka rangi hakuna anayekumbuka tenti.

"Ua huu ulisawazishwa lini?" niliuliza.

Momanyi alisema, "Mazishi ya baba. Niliita tingatinga mimi mwenyewe. Wazee wasingeweza kukaa kwenye mteremko."

Matibabu yalikuwa mawili. Kwanza, kuchimba kwa mikono hadi shingo ya mti ionekane, tuone kama gome limeoza. Pili, kupunguza matawi ya upande wa nyumba, ili mti uliodhoofika usibebe uzito usiouweza. Kuchimba kungesubiri, kwa kuwa hakuna mtu wa akili anayechimba miguuni pa mti ulioinama kabla ya kuupunguza mzigo. Kwa hiyo tulimhitaji mtu wa pawa, kama tunavyouita msumeno wa petroli, anayejua kupanda.

Mtu huyo alikuwa mmoja tu katika eneo lile, Makori, naye alikuwa amemwoa binti ya Omong'ina.

Kwa msomaji asiye wa huku nieleze kwa kifupi. Baina ya mkwe na mama mkwe wake kuna chinsoni, adabu ya kuoneana haya. Hawapeani mikono, hawakai pamoja, hawatazamani usoni, na kila mmoja hupisha njia ya mwenzake. Kwamba mwanamume aning'inie mtini, miguu wazi, juu ya kichwa cha mama wa mke wake, ni jambo ambalo hata kulitaja kunahitaji kikohozi kidogo kwanza.

Makori alifika, akasikia sauti ya Omong'ina, akajificha nyuma ya jiko pamoja na msumeno wake. Nikawa mkalimani kati ya watu wawili waliosikiana vizuri kabisa.

"Daktari, mwambie huyo aliye nyuma ya jiko namsalimu."

"Makori, Omong'ina anakusalimu."

"Nimesikia. Mwambie nami namsalimu, na kwamba siwezi kupanda yeye akiwa hapo."

"Omong'ina..."

"Nimesikia. Mwambie siondoki. Nikiondoka nitarudi nikute kisiki, na huyu wa bima amekwisha nipakia garini."

"Mama, ingia basi nyumbani ujifungie," alisema Momanyi.

Kutoka nyuma ya jiko tulisikia mlio kama wa mtu aliyekanyaga jembe. "Nyasae! Nyumbani? Na mimi niwe juu ya paa lake? Hiyo ni mbaya mara mbili!"

"Basi akae jikoni."

"Jikoni niko mimi!"

"Uko nyuma ya jiko."

"Akiingia mbele, mimi nitatokea wapi?"

Momanyi alipendekeza shuka lifungwe kuzunguka mti, Makori apande ndani yake. Makori alijibu kwamba pawa na shuka vikikutana, chinsoni itabaki lakini yeye hatabaki. Momanyi, akiwa amechoka, alipendekeza kwamba kwa sababu ya dharura adabu hiyo isimamishwe kwa muda wa asubuhi moja.

"Chinsoni si stima," alisema Omong'ina, "ati ikatwe na irudishwe."

Nilisimama pale nikiwa na shahada yangu na kioo changu cha kukuzia, nikafikiri juu ya jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha magonjwa ya miti. Tatizo, nilipolichambua, halikuwa kwamba Makori angekuwa mtini. Lilikuwa kwamba angekuwa juu ya Omong'ina. Nikauliza, kwa uangalifu, kama kuna ubaya wowote mama mkwe akiwa juu ya mkwe wake.

Nyuma ya jiko nilisikia mtu akijikuna kidevu.

"Hilo," alisema Makori hatimaye, "sijawahi kusikia likikatazwa."

"Mzazi kuwa juu si kosa," alisema Omong'ina. "Leteni kiti."

Tulimbebea kiti hadi katikati ya majani chai, juu ya ukingo, mahali ambapo kilele cha mparachichi kilikuwa chini ya viatu vyake. Alikaa, akafungua mwavuli, akauinamisha mbele kidogo ili aone mti bila kumwona aliye mtini, jambo ambalo sikujua linawezekana hadi nilipomwona akilifanya. Makori alipanda akiwa ameupa mlima mgongo. Kila tawi liliamuliwa kupitia kwangu.

"Daktari! Mwambie aliache hilo la kulia, ndilo ninaloanikia nguo!"

"Hilo la kulia ndilo bovu, Omong'ina."

"Basi mwambie alikate polepole."

Momanyi alikuwa chini akishika kamba ya kuteremshia matawi, huku maganda na vumbi la mbao vikimmwagikia kwenye suti. Mashemeji hawa wawili hutaniana. "Shemeji," Makori alimwita kutoka juu, "hii bima yako inalipa kichwa?"

"Inalipa mwenye akili timamu," alijibu Momanyi. "Wewe uko mtini chini ya mama mkwe."

Matawi yalipokwisha, tulichimba. Momanyi alivua koti na tai akachimba kuliko sisi wote, kwa vidole ilipobidi. Udongo ule wa tenti ulikuwa mzito na wenye harufu ya maji yaliyolala. Gome la upande wa kilimani lilikuwa limelainika na kubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Nilikwangua kwa kisu: chini ya uozo mbao ilikuwa nyeupe na ngumu. Nilizunguka na nyundo, nikasikia sauti kavu, kavu, kisha pahali padogo pa chumba kitupu, kisha kavu tena. Mizizi mikubwa ya upande wa nyumba ilikuwa mizima. Niliwaambia kwamba mti ungepona ikiwa shimo lile litaachwa wazi, lizungushiwe mawe, na maji yaelekezwe kando. Na kwamba hauwezi kuhesabiwa kosa la kutozaa, kwa kuwa anayezama hafikirii kuzaa.

"Lakini mwaka umepita," alisema Momanyi, akifuta mikono. Haikuwa rahisi kwake, nilimwona. "Mdhamini alikubali masharti."

Sauti ilitoka kwenye majani chai. "Daktari! Mwulize, kwao kazini, mtu akichoma nyumba yake mwenyewe kwa kiberiti chake, wanamlipa?"

"Hapana," alisema Momanyi.

"Mwulize udongo aliuleta nani."

Momanyi alikaa kwenye ukingo wa shimo, akiutazama udongo ule alioumwaga kwa ajili ya wageni wa baba yake. Nilidhani amemaliza, lakini aliniinulia uso. "Na kuanguka je? Nipe asilimia. Mama analala pale."

"Hatari sasa ni ndogo," nilimwambia. "Siwezi kukuapia kwamba haipo. Mti usio na hatari yoyote huitwa meza."

"Basi haijaisha. Siwezi kulala mjini nikijua mama yuko chini ya hatari ndogo."

Omong'ina alishuka kutoka kilimani, Makori akiwa amekwisha kurudi nyuma ya jiko. Alilitazama shimo, akalitazama paa, akamtazama mwanawe. Kisha akatoa hukumu. Kitanda chake kitahamishiwa chumba cha upande wa pili, ambacho mti hauwezi kukifikia hata ukitaka. Chumba kilicho chini ya mti kitakuwa cha wageni. Na kwa kuwa mgeni wake wa kulala ni mmoja tu, kitakuwa cha Momanyi.

"Ukiogopa," alimwambia, "uutunze."

Tulihamisha kitanda mchana ule ule. Momanyi alilala pale usiku huo, na kesho yake asubuhi alinipigia simu kuuliza kama ni kawaida mti kutoa sauti.

Baada ya hapo nimepokea simu zake nyingi kuliko za mteja mwingine yeyote. Alilizungushia shimo mawe kwa mikono yake. Alijifunza kutandaza nyasi kavu bila kugusa shina, kutambua mwanzo wa uozo, na kutofautisha funza na kovu la kawaida. Huja kila wiki. Huukagua mparachichi, huingia ndani, hunywa uji, huukagua tena kabla ya kwenda kulala. Nimewafundisha maafisa wengi wa ugani katika maisha yangu, na sijapata mwanafunzi aliyesoma akiwa na hamu kama mtu huyo aliyelala chini ya somo lake.

Mwezi wangu wa mwisho kazini nilipita Nyamache kuuaga mti. Majani yalikuwa mapana na ya kijani kibichi, na maua ya kwanza yalikuwa yamefunguka upande wa kilimani. Omong'ina alinikaribisha kwenye kiti, akaniletea ndizi na chai. Kwa kuwa sipendi kuacha kazi nusu, nilimweleza kwamba upo uwezekano wa kuupunguza ule mwinamo: Makori akipunguza tena upande wa nyumba kila msimu, na machipukizi ya upande wa pili yakiachwa yakue, baada ya miaka kadhaa uzito ungerudi kilimani, na mwanawe angelala bila hofu.

Aliitazama njia inayopanda kutoka barabarani. Ilikuwa Ijumaa alasiri, na gari la Momanyi lilikuwa limekwisha onekana kwenye kona ya chini.

"Uache uiname hivyo hivyo, Daktari," aliniambia. "Ukinyooka, atakuja Desemba tu."